Saa Zisizolipwa: Safari ya Mfanyakazi Kati ya Nyumba na Kazi

Wasikilizaji, mtu akiulizwa afanya kazi saa ngapi kwa siku, hujibu upesi, "Saa nane." Saa aingiayo yajulikana na saa atokayo yajulikana, maana lipo daftari la kutia sahihi, au lipo jicho la msimamizi. Lakini akiulizwa hutumia muda gani kutoka mlangoni kwake mpaka mahali pa kazi, na muda gani kurudi, aghalabu husita kwanza, akahesabu kwa vidole. Saa hizo hazimo katika daftari lo lote. Tajiri hazilipi, na mfanyakazi mwenyewe hazihesabu. Walakini mwili wake wazijua, na watoto wake wazijua pia, kwa kuwa ni saa ambazo baba au mama hayuko kazini wala hayuko nyumbani.

Hotuba hii yahusu saa hizo. Itaanza Garissa, mji mkubwa wa Kaskazini Mashariki ya Kenya, iende mpaka Diff karibu na mpaka wa Somalia, kisha itazame Nairobi na Dar es Salaam, miji ambayo imekwisha kuonja taabu ya ukubwa. Nia yake ni kuonyesha jambo moja: ya kwamba safari ya mfanyakazi haipimwi kwa kilomita peke yake. Hupimwa kwa saa, kwa nauli, na kwa hakika ya kufika.

HESABU YA MWAKA

Yafaa kuanza na hesabu, kwa sababu jambo dogo la kila siku huwa kubwa likikusanywa. Mtu mzima mwenye afya hutembea kama kilomita 4 au 5 kwa saa. Basi mfanyakazi aishiye kilomita 4 hivi kutoka kazini, akiwa aenda kwa miguu, hutumia karibu saa moja kwenda na saa moja kurudi. Hizo ni saa 2 kwa siku. Kwa juma la siku 5 za kazi ni saa 10, na kwa majuma 48 ya mwaka ni saa 480. Saa 480 zikigawanywa kwa saa 8 za kazi, huwa ni siku 60.

Mtu huyo hufanya kazi ya siku 60 kila mwaka njiani, wala hakuna amshukuruye. Mwenzake atumiaye nusu saa kwenda na nusu saa kurudi hupoteza siku 30. Na yule wa mji mkubwa, ambaye hukaa garini saa 2 asubuhi na saa 2 jioni, hupoteza siku 120. Ndiyo maana watu wawili wapatao mshahara ulio sawa, katika ofisi moja, huenda wasiwe sawa hata kidogo. Mmoja yuko karibu na mwingine yuko mbali, na umbali ule ni kodi ambayo haikutungwa na bunge lo lote.

GARISSA NA BULLA ZAKE

Garissa umesimama ukingoni mwa Mto Tana, upande wa mashariki. Hapo zamani palikuwa boma la serikali na mahali pa kuvukia. Baadaye pakawa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na tangu 2013 ni makao makuu ya Kaunti ya Garissa. Katika hesabu ya watu ya 2019 mji ulikuwa na watu zaidi ya 150,000. Afisi, maduka makubwa, hospitali na soko viko katikati, bali nyumba za watu zimeenea pande zote katika mitaa ambayo wenyeji huiita bulla: Bulla Iftin, Bulla Punda na nyinginezo. Soko la mifugo la Garissa ni mashuhuri katika Kenya nzima, na siku ya mnada hujaa wachungaji, wafanyabiashara na madalali waliotoka mbali.

Kwa macho ya mtu wa Nairobi, Garissa ni mji mdogo, na safari zake ni fupi. Lakini yapo mambo mawili yanayozirefusha. La kwanza ni jua. Katika miezi ya Februari na Machi joto la mchana hupita digrii 35 mara nyingi, na njia nyingi za bulla ni za mchanga usio na kivuli. Kilomita moja ya alfajiri na kilomita moja ya saa saba mchana hazilingani. La pili ni desturi ya siku yenyewe. Saa za kazi za serikali ni tangu saa mbili asubuhi hata saa saba, kisha saa nane hata saa kumi na moja jioni. Wakati wa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala, na wafanyakazi wengi hupenda kurudi nyumbani wapate chakula na kupumzika kidogo. Kwa hiyo mtu wa Garissa aghalabu hafanyi safari mbili kwa siku bali nne. Safari ya dakika 20, ambayo yaonekana si kitu, ikifanywa mara nne ni saa moja na dakika 20.

Ndipo tuktuk ya magurudumu matatu na pikipiki ya bodaboda zilipopata soko. Jina la bodaboda lilizaliwa magharibi, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako vijana wa baisikeli walivusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na tangu hapo pikipiki zimeenea mpaka vijiji visivyopata basi. Kwa mfanyakazi, chombo hiki kimegeuza saa moja kuwa dakika kumi. Lakini kimeleta hesabu nyingine. Nauli ya mara nne kwa siku hula mshahara mdogo kabla haujafika jikoni, na tena pikipiki huleta majeruhi hospitalini. Hivyo wengi hufanya kwa shauri: asubuhi huenda kwa miguu kungali na baridi, na mchana hupanda. Hiyo ni akili njema, nayo yaonyesha ya kwamba mtu maskini hupima saa na shilingi katika mizani moja.

DARAJA LAPITIKA, NJIA HAIPITIKI

Ng'ambo ya mto, upande wa magharibi, uko mji wa Madogo. Kwa mipaka ya serikali, Madogo imo katika Kaunti ya Tana River. Kwa maisha ya kila siku, ni kitongoji cha Garissa. Watu walalao Madogo huvuka daraja kwenda kuuza, kufundisha, kujenga, kutibu na kutibiwa Garissa, na jioni hurudi. Wakati wa kiangazi safari hiyo ni ya dakika chache kwa gari katika barabara ya lami iendayo Nairobi.

Lakini Tana ni mto wa tabia mbili. Maji yake hayatoki Garissa. Hutoka katika Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupitia mabwawa ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha huteremka nyikani. Mvua ikinyesha sana milimani na mabwawa yakifurika, maji huja Garissa hata kama mbingu za Garissa ni nyeupe. Mtu hulala njia ikiwa kavu, akaamka imekuwa ziwa.

Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Novemba 2023, wakati wa mvua za El Niño, maji yalipoikata barabara hapo Mororo, kati ya Madogo na daraja. Ikawa hivyo tena Aprili 2024. Daraja lenyewe lilisimama imara. Njia ya kulifikia ndiyo iliyopotea. Malori yalipanga safu, bidhaa zikaadimika mjini, na watu waliokuwa wakienda kazini kwa dakika chache wakatafuta mashua. Siku ya Jumapili, tarehe 28 Aprili 2024, mashua iliyokuwa ikivusha watu katika mafuriko hayo ilipinduka. Watu 23 waliokolewa, na wengine wakafa maji.

Jambo hili lastahili kufikiriwa sana. Watu wale hawakuwa wasafiri wa mbali wala mabaharia. Walikuwa katika njia ambayo siku nyingine huipita bila kuifikiri. Kwa mtu wa kibarua, alipwaye kwa siku, kukosa kuvuka ni kukosa chakula cha jioni, na kwa sababu hiyo mtu huingia katika chombo ambacho moyo wake wakikataa. Hapo ndipo ionekanapo maana ya hakika ya kufika. Safari fupi isiyotegemeka ni ndefu kuliko safari ndefu itegemekayo.

WATU WA DIFF

Sasa yafaa kutazama mashariki na kaskazini. Diff ni mji mdogo wa Wajir Kusini, karibu na mpaka wa Somalia, katika nchi ya ngamia, mbuzi na visima. Katika mji wa namna hiyo, mwalimu hutoka nyumbani akafika shuleni kwa miguu kwa dakika chache, na muuguzi kadhalika. Mtu wa mjini akisikia hayo, huwaonea wivu. Lakini wivu huo si wa haki. Safari yao haikuondolewa, bali imewekwa mahali pengine.

Mfanyakazi wa mji wa mpakani hasafiri kila siku. Husafiri kila muhula au kila likizo, na safari yake ikija huja nzima. Aendapo Wajir kwa shauri la kazi, au Garissa, au nyumbani kwao kama ni mtu wa mikoa mingine, hupita njia ya mchanga kwa saa nyingi, na mvua ikinyesha saa huwa siku. Tena safari hiyo haikuwa ya taabu tu. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilishambuliwa na watu 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu na wafanyakazi waliokuwa wakienda kwao kwa likizo. Baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji waliogopa kurudi, na shule zikapungukiwa. Mwezi wa Desemba 2015 basi jingine lilishambuliwa katika kaunti hiyo hiyo ya Mandera. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafa Januari 2016. Serikali ilimpa nishani baada ya kufa kwake. Jina lake lafaa kukumbukwa kila inenwapo habari ya wafanyakazi na barabara za kaskazini.

Yako pia mambo yaliyoipunguza safari bila kuijenga barabara. Mwezi wa Machi 2007 ilianzishwa huduma ya M-Pesa ya kupeleka fedha kwa simu. Kabla ya hapo, mtumishi wa mji wa mbali aliyetaka kumpelekea mama yake fedha alilazimika kuzibeba mwenyewe au kumpa dereva aliyemwamini. Sasa fedha huenda peke yake, na mtu hubaki kazini. Hilo ni fundisho kubwa: safari iliyo fupi kuliko zote ni ile isiyohitajiwa tena.

MIJI ILIYOTANGULIA

Mtu aweza kuuliza, "Garissa na Nairobi vina uhusiano gani?" Jibu ni kwamba Nairobi nayo ilikuwa ndogo. Katika siku za ukoloni mitaa ya wafanyakazi Waafrika iliwekwa mashariki ya mji, Pumwani, Kaloleni na mingineyo, mbali kidogo na afisi na nyumba za matajiri. Mabasi ya Kenya Bus Service yalianza 1934, lakini watu wengi walitembea. Baada ya uhuru mji ulikua kuliko mabasi yake, na magari ya watu binafsi yakaanza kuchukua abiria kwa senti thelathini, yaani vipande vitatu vya senti kumi. Ndiko lilikotoka jina la matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu kufanya kazi bila leseni za namna ya mabasi, na tangu hapo yamekuwa ndiyo miguu ya Nairobi.

Leo wafanyakazi wa Nairobi hulala Ongata Rongai, Kitengela, Ruiru, Githurai, hata Thika. Wako waamkao saa kumi za usiku ili wawahi njia kabla haijajaa. Mvua ikinyesha jioni, nauli hupanda na magari husimama. Na katika mji huo wenye magari mengi namna hiyo, uchunguzi umeonyesha mara kwa mara ya kwamba karibu watu wanne katika kila kumi hutembea kwa miguu, hasa kwa kuwa nauli yawashinda. Mwezi wa Novemba 2012 ilifunguliwa barabara kuu ya Thika, ya kilomita kama 50, na mwezi huo huo kituo cha gari la moshi cha Syokimau. Kazi hizo zimewasaidia wengi. Lakini barabara ilipopanuka, watu walihamia mbali zaidi kwa kuwa viwanja huko vilikuwa rahisi, na msongamano ukawangojea walipoingia mjini.

Jambo hilo si la Nairobi peke yake. Mwaka 1994 mtaalamu wa Kiitalia, Cesare Marchetti, aliandika ya kwamba watu wa nchi na zama nyingi huelekea kutumia kama saa moja kwa siku safarini. Wakipata chombo cha kasi, hawaziweki akiba zile dakika zilizopungua. Huhama, wakajenga mbali, na saa ikawa ile ile. Kwa hiyo barabara peke yake haitoshi. Lazima pawepo na shauri la mahali pa kujenga nyumba na mahali pa kuweka kazi.

Dar es Salaam nayo ina mafundisho mawili. La kwanza ni la Kigamboni. Miaka mingi watu wa Kigamboni walingoja pantoni kuvuka kwenda kazini, na pantoni ikiharibika, kazi ilichelewa. Mwezi wa Aprili 2016 lilifunguliwa daraja lenye urefu wa meta 680, na watu wakapata njia ya pili. La pili ni la mabasi yaendayo haraka, ambayo watu huyaita mwendokasi. Yalianza Mei 2016 katika njia yake yenyewe, kutoka Kimara mpaka Kivukoni. Safari ambayo wakati wa msongamano ilichukua hata saa mbili ilipungua ikawa kama dakika 45. Hata hivyo, karakana ya mabasi hayo iliwekwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, na mvua kubwa zimeifurikia mara nyingi. Mto hausahau njia yake, awe Msimbazi au awe Tana.

YAPASAYO KUFANYWA MAPEMA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Garissa, Wajir na miji midogo kama Diff bado iko katika wakati wa kuziba ufa. Ardhi ya kando ya barabara ikiachwa wazi leo, kesho patakuwa na nafasi ya njia ya miguu na kituo cha magari. Ikijaa vibanda na kuta leo, kesho italipiwa fidia na machozi. Miti ya kivuli ikipandwa kando ya njia za kuingilia bulla, mtu ataweza kutembea hata adhuhuri na nauli yake ikabaki mfukoni. Shule, zahanati na afisi ndogo zikiwekwa kwenye bulla zenyewe, watu wengi hawatahitaji kwenda katikati ya mji. Na pale Mororo, hapana budi barabara iinuliwe na maji yapewe matundu mapana ya kupitia, ili mto uweze kufurika bila kuwatenga watu na kazi zao.

Matajiri nao wana sehemu yao. Msimamizi aonaye mtu amechelewa asubuhi, yafaa aulize kwanza ametoka wapi na amekujaje. Kazi ambazo si lazima zianze kwa saa moja zaweza kupishana kwa nusu saa, ili watu wote wasigombee chombo kimoja. Na siku ya mafuriko, neno la msimamizi asemaye "Usivuke leo, kazi yako ipo" laweza kuokoa maisha ya mtu.

Mfanyakazi mwenyewe pia na afanye hesabu. Kabla ya kupanga nyumba kwa kuwa kodi yake ni rahisi, na aongeze nauli ya mwezi na saa za mwezi, ndipo alinganishe. Pengine chumba cha bei kubwa kidogo karibu na kazi ni rahisi kuliko nyumba pana iliyo mbali. Na pengine sivyo, kwa sababu huko mbali ndiko aliko na shamba, mbuzi wake na jamaa zake. Kila mtu ana mizani yake. Lakini asipime kilomita na shilingi tu akazisahau saa, maana shilingi iliyopotea huweza kutafutwa tena, bali saa iliyopita njiani haimrudii mtu.